Mashudu Yaliyotiwa Chumvi

Mume wangu Saleh akisalimiwa na mtu asiyemjua vizuri, kwanza anajiuliza huyu anataka nini, ndipo aitikie. Hivyo ndivyo alivyo na soko zima la Katesh linajua. Nilipoolewa nilidhani ni ujana, utapita. Haukupita. Mbaya zaidi ameniambukiza na mimi, maana siku hizi mgeni akisifia chai yangu, akiondoka naangalia kama kijiko bado kipo.

Ugonjwa wenyewe ulitokana na biashara. Enzi za chama cha ushirika ulikuwa unapeleka alizeti yako, unasubiri, na ukiibiwa unajua umeibiwa na nani. Soko lilipofunguliwa kila mtu akawa mfanyabiashara, na wezi nao wakawa hawana anwani. Saleh akauza duka aliloachiwa na baba yake, akanunua mashine ya kukamua alizeti, ya injini ya dizeli, tukaifunga nyuma ya nyumba. Upande mmoja yanatoka mafuta, upande mwingine yanatoka mashudu, yaani yale makapi makavu yanayobaki mbegu ikishakamuliwa. Mafuta yalikuwa hayalali. Mashudu ndiyo yalikuwa yanatujaa mpaka mlangoni, tukisubiri watu wa Babati waje wayachukue kwa ajili ya kuku na nguruwe wao.

Aliyetuokoa ni Hhando. Ni mfugaji wa Nangwa, mzee wa shuka na fimbo, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alitupa banda lake moja tuwe tunaweka magunia, na hakuna aliyeuliza kodi, kwa sababu kati ya nyumba yetu na ya kwake hakukuwa na mambo ya kodi. Mtoto wetu wa kwanza, Shumbana, alizaliwa pale. Ilikuwa mwaka ule wa mvua za elinino, gari limenasa kwenye tope, mimi nina uchungu, Saleh analia kuliko mimi. Mke wa Hhando, Mama Margwe, alinibeba mgongoni mpaka ndani, akamzalisha mtoto wangu kwa mikono yake, akanihudumia mpaka nikaweza kusimama. Ndugu zangu wa damu wako Kondoa na tunaonana kwenye misiba. Hapa nina nyumba moja tu ninayoingia kama yangu, na ndiyo hiyo. Nawaomba mlijue hilo mapema, kwa sababu ndilo lililokuwa hatarini katika habari hii. Wengine watawaambia ni lori.

Lori lilikuja hivi. Manyara ilikuwa imeshakatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa, nchi zetu zimekubaliana mambo ya forodha, na mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa upande wa Kenya akataka mashudu, fuso nzima. Nicodemo, wakala wetu wa forodha kule Namanga, alisema hakuna mzigo rahisi kama huo. Mashudu ya alizeti ni mabaki ya kiwanda, yana fungu lake kwenye orodha ya forodha, ushuru hakuna, vibali ni vichache.

"Usijali, bosi," alisema.

Saleh alikata simu akaniambia mtu anayekwambia usijali ndiye wa kumwangalia sana.

Magunia yakatoka Nangwa, yakaenda. Kesho yake mchana Nicodemo akapiga tena, na sauti yake haikuwa ile.

"Bosi, mzigo umezuiwa. Wanasema siyo mashudu."

"Kama siyo mashudu ni nini? Korosho?"

"Wamefungua magunia. Ndani kuna vitu vyeupe vyeupe. Ofisa ameonja. Ni chumvi, bosi. Chumvi yenye magadi."

Saleh alikaa chini palepale kwenye ndoo. Nicodemo akaeleza ubaya wake, nami nikasogeza sikio. Forodha haijali umeandika jina gani kwenye gunia, inaangalia kilichomo. Makapi matupu ya alizeti ni mabaki. Yakitiwa chumvi ili mifugo ile, hayo si mabaki tena, ni chakula cha mifugo kilichotengenezwa, na hicho kina fungu lake na vibali vyake. Na kama chumvi imetiwa ili kuongeza uzito, hapo hakuna fungu lolote, kuna kesi. Ofisa anataka aliyeitia aje mwenyewe, aseme aliitia kwa nia gani. Asipoonekana, mzigo unataifishwa na Saleh anashtakiwa kwa udanganyifu.

"Ni Adamu," Saleh alisema simu ilipokatika.

Adamu ana mashine kama yetu, ng'ambo ya barabara. Mbegu ikipanda bei ni Adamu, dizeli ikichafuka ni Adamu, mvua ikichelewa Saleh anatazama ng'ambo ya barabara. Nikamwambia Adamu alikuwa Singida msibani wiki ile yote. Akafikiri kidogo, akasema basi ni dereva. Lakini dereva aliondoka na turubai lililofungwa na Saleh mwenyewe kwa mafundo anayoyajua yeye. Basi ni Nicodemo, anataka tumpe hela ya kuwahonga watu ambao hawajaomba chochote. Alizunguka namna hiyo mpaka majina yakamwishia.

Mimi nami nilikuwa na jina langu la kushuku. Nilikuwa nawaza kwamba ni Saleh mwenyewe. Nisiseme uongo, niliwaza hivyo. Wapo wafanyabiashara wanaotia mchanga kwenye mashudu ili gunia libonyeze mizani, na chumvi ya ziwa Balangida ni nzito na inapatikana hapohapo chini ya mlima Hanang kwa anayetaka kuchota. Nilimtazama mume wangu akipiga hatua uani, nikajiuliza kama hasira ile ni ya kweli au anajifunza jinsi ya kukasirika mbele ya ofisa.

Labda aliyaona macho yangu. Alisimama.

"Magunia yamelala kwa nani?" akauliza.

"Wewe Saleh."

"Nauliza tu. Yamelala kwa nani?"

"Usianze."

"Anachota mashudu kila gunia anawapa ng'ombe wake, halafu anajaza chumvi ili uzito ubaki palepale. Mashudu ni hela, chumvi anaokota ziwani. Mimi ningekuwa na akili hiyo ningekuwa nimeshajenga ghorofa."

Nilimwambia aombe radhi kwa Mungu. Akasema kesho asubuhi anakwenda Nangwa na mgambo. Nikamwambia akimpeleka mgambo kwenye mji wa mzee Hhando, asinitafute, niko Kondoa. Tukalala tumepeana migongo, na kinachoniuma ni kwamba sikulala nikimtetea Hhando moyoni. Nililala nikiwahesabu ng'ombe wake na kujiuliza mbona wamenenepa kiangazi chote.

Asubuhi niliwahi mimi. Nilipanda pikipiki nikamwambia kijana aniteremshe kabla ya mji wa Hhando, nifike kwa miguu, nione kwanza. Ndivyo nilivyokwenda kwenye nyumba niliyojifungulia, nikinyatia kando ya uzio kama askari wa doria. Nikaona ngozi imetandazwa juani na chumvi nyeupe juu yake, nyingi, inakauka.

"Shikamoo mama," nikamwambia Mama Margwe.

"Marahaba. Shumbana hajambo? Mbona unatoka njia ya huko?"

"Nimepotea kidogo."

Alinitazama. Mtu hapotei Nangwa, mlima Hanang unauona popote ulipo. Akaniita ndani, Hhando akaja, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja. Nilikuwa nimepanga kuingia kwa kuzunguka. Nikaanza kusifia chumvi ile pale nje, imetoka wapi, ni ya kazi gani, ni nyingi hivi?

"Ni ya Balangida," Hhando alisema. "Hii imebaki. Nyingine tumetia kwenye magunia yenu."

Akasema hivyo hivyo tu, kama anavyosema jua linawaka. Mimi ndiye niliyebabaika.

"Mmetia? Kwa nini, baba?"

"Si ulisema wewe mwenyewe yanakwenda kwa ng'ombe? Ya siku zote yanakwenda kwa nguruwe, mimi nguruwe simjui. Lakini haya ulisema ni ya ng'ombe wa Kenya."

Mama Margwe akadakia, maana mumewe alikuwa ameshasema maneno mengi kwa siku moja. Kwa akina Hhando, ng'ombe wa mgeni akipita anapewa chumvi kabla ya maji. Hata akiwa ng'ombe wa mtu mliyegombana naye. Na chakula kilicholala kwenye mji wao hakiwezi kwenda kwa ng'ombe wa watu hivihivi, kikavu. Hao ng'ombe wangewaonaje watu wa Hanang? Basi wakachota ziwani na punda, wakatwanga, wakafungua gunia moja moja, konzi moja ya mkono kila gunia, wakakoroga na kushona tena. Kazi ya siku nyingi, na mgongo wake bado unauma.

"Mbona hamkutuambia?"

"Tukuambie nini?" Mama Margwe alicheka. "Ukimpa ng'ombe chumvi unakwenda kumtangazia mtu?"

Nilitaka kulia na kucheka. Nikawaeleza yote, lori, ofisa, mafungu ya forodha, na kwamba lazima aliyetia chumvi akaseme mbele yao. Sikuwaeleza habari ya mgambo. Hhando alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akachukua fimbo yake.

"Twende tukaseme," alisema. "Ni jambo dogo."

Nilimkuta Saleh njiani, anakuja, bila mgambo, nashukuru. Nikamvuta pembeni nikamwambia. Alinisikiliza jicho moja amelifinya.

"Nani anatia chumvi yake bure kwenye mzigo wa mtu mwingine?"

"Hhando."

"Salma, hakuna mtu wa namna hiyo. Kuna kitu anakitaka. Hatujakijua bado, basi."

"Alitaka nini siku aliyotupa pa kulala na mimi nina uchungu?"

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo miaka mingi, "Hata hilo sijawahi kulielewa."

Nilimtazama mume wangu nikaogopa. Nilikuwa nadhani wasiwasi wake unaishia mahali fulani, kuna mlango haupiti. Kumbe haukuwa na mlango.

Namanga tulikwenda watatu. Njia nzima Saleh alimhudumia mzee kwa heshima zote, akimbebea kifurushi chake, na kila mzee alipofumba macho alikuwa anakiangalia kile kifurushi. Ofisa alikuwa dada mdogo, nguo zimepigwa pasi vizuri, meza yake safi. Nicodemo alisimama nyuma yetu akitoa jasho.

"Shikamoo mzee," ofisa alisema. "Hii chumvi umeitia wewe?"

"Mimi na mke wangu."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nani alikulipa?"

"Hakuna."

"Sasa uliitia ya nini?"

Hhando alimtazama kwa upole. "Ng'ombe anapenda chumvi. Wewe huna ng'ombe?"

"Sina, mzee."

"Pole sana."

Nicodemo alikohoa kuzuia kicheko. Ofisa hakucheka, lakini aliweka kalamu chini na kumwuliza sasa kama mtu anayetaka kujua: mlichota wapi, mlitwanga vipi, kila gunia kiasi gani. Akampeleka kwenye lori, wakafungua gunia jingine ambalo hakuna aliyelichagua, na ikawa kama alivyosema. Tuliporudi mezani alisema ameridhika. Haikutiwa kwa ajili ya uzito, imetiwa ili mifugo ile. Basi siyo mashudu, ni chakula cha mifugo kilichotengenezwa. Tuandike upya tamko, tuombe kibali cha fungu hilo, mzigo upite. Saleh alishusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Kimebaki kitu kimoja," ofisa akasema. "Mashudu yana risiti. Chumvi haina. Kila kilichomo kwenye chakula kilichotengenezwa lazima kiwe na thamani. Mzee, hiyo chumvi umemuuzia kwa bei gani?"

"Sijauza."

"Niandike bei gani?"

"Haina bei. Niliwapa ng'ombe."

"Mzee wangu, hapa hakipiti kitu bila bei. Nikiandika bure, mkubwa wangu ataniuliza nimekula nini na nyinyi. Wewe taja yoyote, huyu akulipe mbele yangu, uweke dole gumba hapa, yaishe."

Saleh alikuwa ameshatoa noti. Na hapa ndipo nilipomchukia, nasema wazi, kwa sababu niliuona uso wake. Ulikuwa umetulia. Ulikuwa na amani ambayo sijaiona tangu tufunge ndoa. Hatimaye mtu huyu alikuwa anauza kitu, na yeye ananunua, na dunia imekaa sawa.

Hhando hakuitazama noti. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya fimbo. Alinitazama mimi.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema mzigo ubaki, utaifishwe, tutakamua mwingine. Nilikuwa nalijua lile linaloondoka pale mezani, na nadhani nilikuwa peke yangu ninayelijua, mimi na yeye. Lakini niliwaza kesi, niliwaza mume wangu amevalishwa pingu, niliwaza ada ya Shumbana. Na kale kaugonjwa nako kakaninong'oneza kwamba ni karatasi tu.

"Pokea tu, baba," nikasema. "Ni kwa ajili ya karatasi yao."

"Wewe ndiye unasema nipokee?"

"Ndiyo, baba."

Akapokea. Akaikunja mara moja, akaitia kwenye pindo la shuka, akaweka dole gumba palipoonyeshwa. Ofisa akamshukuru, akampa karatasi afute wino. Lori likavuka kabla jua halijazama, na kesho yake mnunuzi akapiga simu kusema ng'ombe wanagombania hori.

Kurudi, tuliteremka Arusha kunywa chai. Saleh alikuwa na furaha, akaagiza vitumbua, akaagiza supu. Muuzaji alipokuja, Hhando alitoa ile noti, akalipia chai yake na kitumbua chake. Saleh akasema acha mzee, hiyo ni yangu. Hhando akasema hapana, nimekula, nalipa. Hakuwa amekasirika. Ningeshukuru kama angekuwa amekasirika, maana mzee wa namna ile akikasirika unampelekea watu wa kusuluhisha, mnakaa, yanakwisha.

Wiki iliyofuata alimtuma mtoto wake Margwe na ujumbe wa kodi ya banda. Haikuwa kodi ya kukomoa. Ilikuwa ya haki kabisa, na Saleh alishangaa jinsi ilivyo ya haki. Akalipa mwezi huo na mwezi uliofuata kabla haujaanza. Sasa mzigo ukienda Kenya, chumvi inawekwa kwa makubaliano, Hhando anatwambia ni kiasi gani, sisi tunatoa hela, yeye anaweka dole gumba, na Nicodemo anaiandika kwenye fungu lake bila kutoa jasho.

"Unaona?" Saleh aliniambia. "Sasa yule mzee namwamini. Sasa najua ninasimama wapi naye."

Na ni kweli anamwamini. Hahesabu tena magunia Nangwa. Ni mtu wa kwanza hapa Katesh ambaye mume wangu hamhesabii, na akikutana naye sokoni anamwamkia kabla hajajiuliza chochote.

Mimi nilikaa muda bila kwenda. Nilikuwa na sababu kila siku, mashine, homa ya mtoto, mvua. Mwisho nikaenda, bila kunyatia, njia kuu. Mama Margwe alinipokea vizuri. Aliniulizia Shumbana, akanikalisha, akaniambia mgongo umepona. Nilikaa nikaanza kufikiri labda nimejitisha bure, wanawake hawana mambo ya forodha. Tukaongea mpaka jua likageuka.

Nilipoaga aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akanimiminia kwenye chupa mpaka juu, kama mtu anavyomfungashia bintiye. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante mama. Yeye akabaki amesimama mlangoni, hajaondoka, anatazama chini. Nikaona anaona aibu, na nikaelewa anaona aibu kwa ajili yangu.

"Chupa ni mia tatu," alisema taratibu. "Mzee amesema nyinyi mnapenda bei ijulikane."

Nikafungua pochi. Nilikuwa na mia tano tu, na sikuthubutu kumwambia abaki nayo. Aliingia ndani, nikamsikia anatafuta, akatoka na mia mbili, akaniwekea kiganjani.